Mbayuwayu hawana pasi, lakini wanahitaji Rugezi

Ndugu msomaji, wewe unayevuka Cyanika na mizigo yako, umewahi kuinua macho mwezi wa kumi? Mvua za umuhindo zikishaanza, ndege wadogo wenye mkia wa panda hujaa juu ya mashamba na barabara. Ni mbayuwayu, ambao Wanyarwanda huwaita intashya. Wametoka Ulaya, wamevuka Jangwa la Sahara, na kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi.

Machi na Aprili wanaondoka. Huko Ulaya baridi inakwisha, wadudu wanatoka, na watu hukaa wakiwangoja warudi mitaani kwao, kwenye mazizi walimojenga viota mwaka uliopita. Wanawaita ndege wao. Nasi tunawaita wetu. Sisi tuliozaliwa Uganda, Tanzania au Kongo tukarudi baada ya 1994 tunalijua swali la "wewe hasa ni wa wapi?", na hapa silijibu.

Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019 hadi Januari 2022, wenye biashara ndogo waliumia. Mbayuwayu walikuja mara tatu, wakaondoka mara tatu, bila kuulizwa kitambulisho.

Wapo wanaosema ndege hawa hatuwahusu, tuwaachie watalii. La hasha! Mbayuwayu hula wadudu wanaoruka na hulala kwa makundi kwenye matete na mafunjo. Ukikausha kinamasi umewanyima vyote viwili, na wewe mwenyewe hubaki salama. Tazama Rugezi, kati ya Burera na Gicumbi. Watu walichimba mitaro wapate kulima. Kumbe maji ya kinamasi hicho ndiyo yanayolisha Ziwa Burera, na ziwa ndilo linaloendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Ukame nao ukachangia. Kufikia 2004 ziwa lilikuwa limeshuka vibaya, umeme ukaadimika, serikali ikakodi majenereta ya dizeli. Wenye saluni na mashine za kusaga wanaikumbuka miaka ile. Kilimo kikapigwa marufuku ndani ya kinamasi, maji yakarudi, na leo Rugezi imo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar.

Hata hivyo, waliopoteza mashamba yao humo wana haki ya kunung'unika. Familia yenye kipande kidogo cha ardhi mlimani haiwezi kula mafunjo. Kwa hiyo fedha za wageni wanaokuja kutazama ndege zifike kwanza kwenye vijiji vinavyopakana na kinamasi, si ofisini Kigali, na vijana wa huko ndio wawe waongozaji na wapiga makasia. Vinginevyo mitaro itachimbwa tena, usiku, na hakuna askari atakayeizuia yote.

Wilaya za Burera na Gicumbi zilipange jambo hili kabla ya umuhindo ujao, ndege hawajafika.