Shule zifunze kuhusu mimea yenye sumu

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mwenye boma katika kaunti za Meru na Embu, ambako nyua na bustani za maua ni fahari ya nyumba na shule. Miongoni mwa mimea hiyo inayopendeza macho imo inayoua sungura, mbuzi, ndama na hata mbwa.

Mashamba ya sehemu hizi, kuanzia Nkubu hadi Runyenjes, yamegawanywa yakawa madogo, na wengi hufuga wanyama bandani. Mbuzi aendaye malishoni huchagua. Majani machungu huyapita. Aliyefungiwa hana hiari. Hula aletewacho, na njaa ikimzidi habagui. Kwa hivyo, busara ya kuchagua imehama kutoka kwa mnyama ikawa jukumu la anayemkatia majani. Aghalabu huyo ni mwanafunzi aliyetoka shuleni jioni.

Lantana, iliyotoka Marekani ya Kati na Kusini ikapandwa kwa ajili ya maua yake, huharibu ini la ng'ombe na mbuzi. Kisha ngozi ya mnyama huunguzwa na jua na kubambuka. Olianda, ya waridi na ile ya manjano, huvuruga mapigo ya moyo, na majani yake hubaki na sumu hata yakikauka. Mbegu za mbarika zina risini, nazo mbwa aweza kuzitafuna kwa mchezo. Utomvu wa mnyaa huunguza macho ya mnyama na ya mtu vilevile.

Hata mwavokado, unaowapa wakulima wetu fedha, una madhara yake. Majani yake yaweza kudhuru moyo wa sungura na kuvimbisha kiwele cha mbuzi anayenyonyesha. Matawi yanayopogolewa yasitupwe bandani.

Hatusemi nyua zote zing'olewe. Ua wa mnyaa hulinda boma bila gharama ya waya. Kinachoua ni kutojua.

Hapa ndipo shule zinapohitajika. Vilabu vya 4-K, ambavyo jina lake ni kuungana, kufanya na kusaidia Kenya, vilifufuliwa mwaka wa 2021. Walimu wavitumie kuwaongoza wanafunzi kukagua uwanja wa shule, kuitambua mimea yenye sumu na kuiwekea vibao vyenye majina ya Kiswahili, Kimeru na Kiembu. Waalikwe pia wazee wanaoujua msunguti, mti uliotoa sumu ya mishale, wawarithishe vijana elimu hiyo kabla haijazikwa nao.

Wanafunzi wafunzwe vilevile la kufanya mnyama anapodhurika. Aondolewe majani hayo, awekwe kivulini, na daktari wa mifugo aitwe upesi na kuonyeshwa tawi lililoliwa. Kumnywesha maziwa au mafuta kwa nguvu ni hatari, kwani yaweza kuingia mapafuni.

Mbuzi mmoja wa maziwa huenda ndiye karo ya mtoto. Ni aibu mtoto huyo ajue kutaja sehemu zote za ua katika mtihani, lakini asijue ni ua lipi litakalomuua mbuzi wake.