Jaji Ramadhani na fomu ya urais

Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa tangu 2005, alikatwa na CCM mwaka 2025 wakati wa kuteua wagombea ubunge. Akahamia ACT-Wazalendo, nao wakamsimamisha kugombea urais. Msajili wa Vyama vya Siasa akatengua uteuzi huo kwa hoja kwamba umekiuka kanuni za chama chenyewe. Alhamisi ya Septemba 11, Mahakama Kuu Dodoma ikaamuru Mpina apokelewe fomu zake. Jumamosi akazirudisha. Jumatatu ya Septemba 15, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji wa Rufani Jacobs Mwambegele, ikamwengua tena kutokana na pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Kisesa ni jimbo la wilaya yetu ya Meatu, kwa hiyo hapa Mwanhuzi suala hilo lilitugusa sote, wanaompenda Mpina na wasiompenda. Lakini mjadala ulikwama kwenye mtu. Mimi naona mzizi wake ni ibara za 39 na 67 za Katiba, zinazomtaka kila mgombea urais na ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho. Mgombea binafsi angeruhusiwa, kanuni za ACT-Wazalendo zisingekuwa na nguvu ya kumtoa mtu yeyote kwenye karatasi ya kura.

Historia ya kizuizi hicho inapita katikati ya maisha ya hayati Jaji Augustino Ramadhani. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1945, akasomea sheria Dar es Salaam, akaingia jeshini na kufikia cheo cha Brigedia Jenerali. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha Jaji wa Rufani, na kuanzia 2007 hadi 2010 Jaji Mkuu wa Tanzania.

Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba mgombea binafsi ni haki ya raia. Serikali ikaenda bungeni na Katiba ikarekebishwa ili kuifuta haki hiyo. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena. Rufaa ya Serikali ikafika mbele ya majaji saba wakiongozwa na Ramadhani, na Juni 2010 wakatengua ushindi huo: suala hili ni la kisiasa, walisema, na la kuamuliwa na Bunge. Nasikitika kila ninaposoma uamuzi huo. Bunge lililotajwa kuwa mwamuzi ndilo lililokuwa limekwisha kuiondoa haki yenyewe, na kila mbunge wa kuchaguliwa aliyeketi humo aliingia kwa tiketi ya chama.

Kisha ikaja Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Ramadhani alikuwa makamu mwenyekiti, na rasimu ya tume hiyo ikapendekeza mgombea huru. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki za Mtikila. Ramadhani alikuwa jaji wa mahakama hiyo, ila hakuketi kwenye shauri hilo. Hapo alitenda kama jaji anavyopaswa kutenda.

Ndiyo maana Juni 2015 ilituuma. Akiwa bado Rais wa Mahakama ya Afrika, alichukua fomu kuomba CCM imteue kugombea urais. Hakufika hata tano bora. Siamini kwamba mwaka 2010 alihukumu kwa kukitazama chama. Lakini mwananchi aliyenyimwa haki ya kugombea bila chama, kisha akamwona aliyeongoza jopo lile akiomba tiketi ya chama, ana sababu ya kutilia shaka, na hakuna mwanasheria awezaye kumwondolea shaka hiyo kwa maelezo.

Wapo wanaosema jaji na siasa visikutane kamwe. Siwaungi mkono. Edward Coke wa Uingereza alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Malkia Elizabeth, tena mkali, kisha akawa Jaji Mkuu. Mfalme James alimfukuza mwaka 1616 kwa kukataa kuyumbishwa, naye akaingia Bunge na kusaidia kuandika Ombi la Haki la 1628. Warioba naye alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Alipoapishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari mwaka 1996, miaka ilikuwa imepita, na kiti alichokalia hakikuamua hatima ya chama chake. Aliyetoka kwenye siasa kisha akahukumu tunaweza kumpima kwa hukumu zake. Anayehukumu leo na kuomba kura kesho anatuachia hukumu ambazo hatujui alimwandikia nani.

Ibara ya 113A inamkataza jaji kujiunga na chama cha siasa. Haiweki muda wa kusubiri baada ya kutoka kazini, na jaji wa mahakama ya kimataifa haimgusi. Mchakato wa Katiba mpya ukirudi, napendekeza ibara hiyo iongezwe miaka mitano ya kusubiri, iwabane na majaji wetu walioko Arusha na kwingineko, na mgombea huru arudishwe kama rasimu ya Warioba na Ramadhani ilivyotaka.