Fankisheni Zetu Zinafunga Muamala Mapema Mno

Kila msimu wa projekti za mwaka wa mwisho, hapa Moshi hukosi mfumo wa kahawa. Haishangazi: KNCU ipo tangu 1933, mnada wa kahawa uko mjini, na baadhi yetu tumesomeshwa na vihamba.

Sasa fungua mfumo huo ndani. Utakuta fankisheni tatu: moja inaandika kilo alizoleta mkulima, ya pili inakata deni lake la pembejeo, ya tatu inaingiza malipo ya awali kwenye akaunti yake. Kila moja inafungua muamala wake na kuufunga kwa COMMIT. Ukizijaribu moja moja, safi kabisa. Shida inaanza ukitaka zote tatu ziwe kitu kimoja. Umeme ukikatika baada ya hiyo ya pili, deni limekatwa na hela haijaingia. Na databesi haina kosa, imetunza ulichoiambia itunze.

Msimamo wangu: fankisheni ndogo haina ruhusa ya kufunga muamala. Anayejua muamala unaishia wapi ni yule anayeziita zote tatu.

Lugha za fankisheni zimelishika hili vizuri kuliko PHP na Java tunazokomaa nazo. Ndani ya Haskell, fankisheni ya kukata deni haikati deni. Inakurudishia maelezo ya kazi, kama hati ya malipo iliyojazwa lakini haijapelekwa benki. Hati tatu unazibana zinakuwa moja, na hiyo nayo unaweza kuibana na nyingine. Kisha mahali pamoja tu unasema: tekeleza. Zote zinaingia, au haingii hata moja. Mwaka 2005 Harris, Marlow, Peyton Jones na Herlihy walionyesha wazo hili kwa miamala ya ndani ya memori ya kompyuta. Leo maktaba kama hasql-transaction ya Haskell na doobie ya Scala zinalitumia kwenye databesi.

Ila kinachonikuna zaidi ni SMS. Tunapenda sana kuweka ile ya "umepokea malipo yako" katikati ya kazi. PostgreSQL ikiwa kwenye kiwango chake kikali kabisa, miamala ikigongana inaukataa mmoja, na programu inatakiwa kuurudia toka mwanzo. Ukirudiwa mara mbili, SMS huenda zimeshatoka tatu. Ukishindikana kabisa, mzee wa Kibosho ameshashuka mjini kufuata hela ambayo haipo. SMS hairudishwi nyuma, jamani. Kwa hasql-transaction, aina yenyewe ya muamala hairuhusu kutuma kitu nje. Kompaila inakugomea mapema, ukiwa bado hosteli.

Najua jibu lenu: "Haskell nani ataniajiri nayo Bongo?" Sibishi. Lakini tabia hii unaweza kuihamishia Java hata leo usiku: pitisha koneksheni kama kigezo, ondoa COMMIT kwenye fankisheni ndogo, tuma SMS muamala ukishakubaliwa. Tofauti ni kwamba Java haitakukumbusha. Atakayeongeza malipo ya pili mwakani, baada ya mnada, ataweka COMMIT yake palepale katikati na hakuna wa kumzuia.

Kwa hiyo naomba idara itupe hata nusu muhula wa Haskell. Na wasahihishaji wa projekti wapunguze maswali ya rangi za skrini. Wazime seva katikati ya malipo, halafu wafungue jedwali la madeni.