MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Upendo Usiobisha Hodi

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari za picha moja ya sinema iliyotoka Marekani mwaka 1990, iitwayo Misery. Twajua wengine mtauliza, Picha ya kutisha yatufaa nini nyumbani? Tafadhalini, mtuvumilie kidogo.

Yuko mtungaji wa vitabu, Paul Sheldon, aliyepata mali na sifa kwa hadithi za mwanamke aitwaye Misery. Amechoka nazo, katika kitabu cha mwisho amemfisha, naye amemaliza kuandika kitabu cha namna nyingine katika nyumba ya wageni milimani Colorado. Akirudi kwao, tufani ya theluji yampata, motokaa yaanguka, na miguu yake yavunjika. Annie Wilkes, aliyekuwa mwuguzi, amtoa humo, ampeleka nyumbani kwake na kumtunza. Amwambia kwamba hapana msomaji ampendaye kama yeye. Tena asema bila haya kwamba alizoea kwenda kukaa nje ya nyumba ile ya wageni, akiitazama taa ya dirisha lake, na kwamba siku ya ajali alikuwa akimfuata nyuma.

Annie huyu avaa msalaba shingoni. Achukizwa na maneno machafu hata yakiwa kitabuni, na akikasirika hutumia maneno ya kitoto badala ya matusi. Nguruwe wake amempa jina la Misery. Mtazamaji hucheka. Lakini asomapo kwamba Misery amekufa, kicheko chakoma. Amlazimisha Paul kukichoma moto kitabu kipya, kisha amletea mashine ya kupigia chapa, amfufue Misery. Naye agunduapo kwamba Paul alitoka chumbani, aweka gogo katikati ya miguu yake, avunja vifundo kwa nyundo kubwa, kisha amwambia kwamba ampenda. Katika kitabu cha Stephen King cha mwaka 1987, ambacho ndicho asili ya picha hii, alitumia shoka. Kathy Bates, aliyeigiza Annie, alipewa tuzo ya Oscar.

Msidhani haya ni hadithi tu. Mwaka 1989, mjini Los Angeles, mwigizaji Rebecca Schaeffer, mwenye umri wa miaka 21, aliuawa mlangoni pake na kijana aliyekuwa akimwandama. Mwaka uliofuata jimbo la California lilitunga sheria ya kwanza katika Marekani ya kukataza uandamaji wa namna hiyo.

Neno lililotuchoma sisi ni msalaba ule. Mwanamke aliyechukia tusi hakuichukia nyundo. Wazee walisema, Ukipenda boga, penda na ua lake. Bali Annie alipenda hadithi, asimpende mwenye kuitunga. Kila mara mapenzi ya Paul yalipopita njia nyingine na yake, alivunja kitu.

Basi tusiwatazame watu wa mbali tu. Yuko baba amwambiaye mwanawe, Nimekulea, basi maisha yako ni yangu. Yuko mwalimu amkasirikiaye mwanafunzi mpendwa kwa kuwa amechagua kazi nyingine. Wako na vijana wetu, ambao siku hizi huwachukua waimbaji mfukoni ndani ya simu, wakadhani kwamba kuijua sura ya mtu ni kumjua mtu. Yatupasa kuwafundisha kwamba mwenye sifa naye ana mlango wake.

Mwishoni mwa picha, miezi 18 imepita, na Paul aketi akila mjini New York. Mtumishi wa kike aja, naye amwona kuwa ni Annie, ameshika kisu. Kumbe ni mgeni tu, apendaye vitabu vyake. Amjibu kwa upole, lakini hofu haijamtoka.

Jioni ya leo, mkiisha kula, ulizaneni nyumbani: tubishapo hodi katika maisha ya wale tuwapendao, je, twangoja kuambiwa karibu?