Mtandao ukisumbua, vocha si dawa ya kila ugonjwa

MFANYABIASHARA mdogo wa mahindi wa Kibaigwa, mkoani Dodoma, anaweza kuwa na kompyuta mezani, rauta ya intaneti yenye kifurushi cha mwezi mzima, na bado zabuni yake ya kupeleka unga shuleni ikafungwa kabla hajaituma. Akiulizwa sababu, jibu ni moja tu: "Mtandao ulisumbua."

Jibu hilo ni sawa na kuita kila homa malaria. Mwenye duka huongeza kifurushi. Kisiposaidia, hununua laini ya kampuni nyingine. Ikishindikana, huita fundi kutoka mjini, akamlipa nauli na ufundi, na pengine fundi huyo akabonyeza kitufe kimoja tu na kuondoka.

Hasara hiyo si ya kupuuzwa. Tangu mwaka 2023 zabuni za Serikali zimehamia katika mfumo wa NeST. Ritani ya VAT, kwa aliyesajiliwa, inatakiwa iwe imefika TRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Minada ya ufuta na korosho nayo imeingia katika mfumo wa kielektroniki wa TMX. Kwa hiyo intaneti ya nyumbani au dukani si anasa tena. Ni zana ya kazi kama ulivyo mzani.

Na zana haina budi ieleweke kwa mwenye nayo. Mkulima wa nyanya ambaye bomba lake la dawa limeacha kutoa maji hakimbilii kununua jipya. Huangalia kwanza tangi, kisha mpira, kisha nozeli. Intaneti isiyotumia waya nayo ina vipande vitatu: kutoka kompyuta hadi rauta, kutoka rauta hadi mnara wa simu, na kutoka mnara hadi ulimwenguni. Kifurushi hakiwezi kutibu kosa lililo katika kipande cha kwanza wala cha tatu.

Kipimo cha kuanzia hakigharimu hata shilingi moja. Simu ya mkononi izimwe data ya laini yake, kisha iunganishwe na waifai ya rauta ile ile. Simu ikifungua kurasa huku kompyuta ikigoma, ugonjwa uko kwenye kompyuta. Zote mbili zikigoma, hapo ndipo mwenye duka aangalie rauta, salio na mnara.

Kwenye kompyuta, kosa la kawaida ni waifai kuzimwa bila kujua, kwa kugusa kitufe chenye picha ya ndege. Kosa jingine ni kompyuta kutopewa namba na rauta. Dalili yake ni namba ya mtandao inayoanza na 169.254. Dawa ni kuzima vyote viwili, kuwasha rauta mpaka taa zake zitulie, ndipo kompyuta ifuate.

Lipo pia tatizo ambalo wanunuzi wa kompyuta za mtumba wanapaswa kulijua. Kibetri kidogo kilichomo ndani kikifa, umeme ukikatika kompyuta husahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Tovuti za benki na za Serikali, ambazo hukagua usalama kwa kutumia tarehe, huikataa. Mtu anaweza kununua vifurushi hadi achoke, wakati dawa ni kurekebisha saa na kubadilisha kibetri hicho.

Mahali pa kuweka rauta nako kuna gharama yake. Bati na kuta nene hudhoofisha mawimbi. Rauta inayotumia laini ya simu isifichwe sakafuni nyuma ya friji. Iwekwe juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Zile zinazotoa mawimbi ya aina mbili, yaani 2.4 na 5, zichaguliwe kwa akili: ya 5 ina kasi zaidi, lakini ya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi hadi stoo ya nyuma.

Kifurushi kinachoisha kabla ya wakati nacho si lazima kiwe kimeibwa na kampuni. Kompyuta yenye Windows hupakua masasisho makubwa yenyewe, isipokuwa ikiwekewa mpangilio kwamba intaneti hiyo inalipiwa kwa kipimo. Aidha, neno la siri lililobandikwa chini ya rauta likibaki lile lile, kila aliyewahi kuligeuza na kulisoma ni mteja wa bure.

Wapo watakaosema mkulima si fundi wa kompyuta. Ni kweli, na yako makosa yasiyo na dawa nyumbani. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Siku ile hakuna vocha ambayo ingesaidia. Lakini aliyepima vipande viwili vya kwanza angejua mapema kuwa kosa haliko kwake, akatunza fedha yake.

Wanaouza vifaa hivi nao wana wajibu. Anayepokea fedha ya rauta ashindweje kukaa dakika kumi na mteja, akamwonyesha taa, neno la siri na mpangilio wa kupunguza matumizi? Vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo huwafundisha wanachama kupima unyevu wa mazao, viongeze somo hili fupi.

Kwa sasa inatosha kila mwenye kompyuta kuandika maswali matatu kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya rauta: Je, simu inapata? Je, tarehe ni sahihi? Je, salio lipo? Ayajibu yote kabla ya kutoa hata shilingi mfukoni, na zabuni aitume siku mbili kabla ya mwisho.