Mashine Tunazo, Mkanda Hatuna



Kila tukikaa wanafunzi wa uhandisi kutoka Afrika Mashariki, wimbo ni uleule: nyumbani hakuna vifaa. Kwa upande wa mitandao ya kompyuta mimi nimeuchoka, na leo naomba mnivumilie niseme kwa nini.

Kazi ninayoizungumzia ni ya kurudisha trafiki. (Siyo yule askari wa sare nyeupe barabarani.) Unarekodi pakiti zinazopita kwenye mtandao, unazihifadhi kwenye faili, kisha unazipiga tena maabara kama mkanda wa kaseti, uone kama rauta au mtambo wa kunusa mashambulizi unaotaka kununua utahimili. Programu ya tcpreplay inafanya hivyo bure. Ugumu uko kwenye kasi.

Chukua waya wa gigabiti 10. Pakiti ndogo kabisa ina baiti 64. Ongeza baiti 20 za ishara ya kuanzia na nafasi ya kupumua kati ya pakiti na pakiti, utapata pakiti milioni 14.88 kwa sekunde. Yaani kila moja ina nanosekunde 67 tu. Prosesa ya gigahezi 3 hapo inapata mapigo kama 200, na safari moja ya kwenda memori kuu na kurudi inaweza kuyala yote. Kompyuta ya kawaida, inayoomba ruhusa kwa mfumo wake kwa kila pakiti na kunakili data kutoka chumba hiki kwenda kile, inaishiwa pumzi mapema sana. Na hapo ndipo wanapojitokeza wauzaji wa masanduku maalumu ya kupimia, kwa bei za kukukalisha chini.

Lakini jamani, mwaka 2012 Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa alichapisha makala kuhusu netmap, na kwa kiini kimoja cha prosesa kilichopunguzwa hadi megahezi 900 akaujaza waya huo wote. Hakuna uchawi. Vyumba vya pakiti vinaandaliwa mara moja, kadi na programu zinatumia memori ileile, na ruhusa inaombwa kwa mafungu badala ya mojamoja. Siku hizi tcpreplay yenyewe inaikubali netmap.

Mimi nakaa Molenbeek, hapa Brussels ng'ambo ya mfereji (ndiyo, ileile ambayo shangazi zangu waliisikia kwenye habari za 2015 na 2016, wakaanza kuniombea). Chumbani kwangu kuna kompyuta iliyotumika na kadi mbili za gigabiti 10, nazo zilizotumika, zimeunganishwa kwa waya mfupi. Vyote pamoja havikufika nauli ya ndege ya kwenda nyumbani. Kero ni kelele ya feni tu.

Sisemi kila kitu ni rahisi. Gigabiti 10 ni gigabaiti 1.25 kila sekunde, na diski ya kuzunguka inatoa kama megabaiti 150. Hata zile za kisasa zinazopita kwenye waya wa SATA haziwezi kufika 600. Kwa hiyo ama ununue diski ya NVMe, ama upakie faili lote kwenye memori kabla ya kuanza, na memori ya gigabaiti 32 ukishaachia mfumo sehemu yake inakupa sekunde 20 hivi. Angalia pia mahali unapochomeka kadi: nafasi yenye njia 1 ya PCIe ya kizazi cha 2 hubeba gigabiti 4 tu, hata kadi iwe ya namna gani. Na mkanda hausikilizi. Pakiti ikidondoka, aliyerekodiwa hapunguzi mwendo kama ambavyo mtu halisi angepunguza. Kwa kupima rauta unafaa; kwa kupima seva, usijidanganye.

Sasa niulize: tunapiga mkanda wa nani? Wajapani wa mradi wa WIDE hutoa dakika 15 za kila siku kutoka kiungo chao. CAIDA ya California ilirekodi viungo vikubwa vya Chicago na San Jose. Tunapakua hizo, tunaandika tasnifu, tunapewa shahada. Halafu tunarudi kupima vifaa vya Dar na Kampala kwa tabia ya watu wa Chicago! Vituo vya kubadilishana trafiki tunavyo wenyewe: Kampala tangu 2001, Dar es Salaam tangu 2004. Cha Nairobi, KIXP, kilifunguliwa 2000, kikafungwa na mdhibiti baada ya Telkom Kenya kulalamika, kikafunguliwa tena 2002. Watu walipigania vituo hivi.

Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua Tanzania hadi Uganda. Fikirini kama mngekuwa na saa moja ya siku ile, simu zote zinajaribu na kujaribu tena, muirudishe maabara mara mia kwenye vifaa mbalimbali. Hiyo Chicago haiwezi kutupa.

Najua mtakachosema: siri za watu. Ni kweli, na sheria zipo, Kenya na Uganda tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Lakini hatuhitaji kusoma barua ya mtu. Rekodi baiti 64 za mwanzo tu, badilisha anwani kabla faili halijatoka kituoni, mwili ujazwe sifuri wakati wa kurudisha. Kwa kiungo cha gigabiti 1 kilichojaa nusu, pakiti za wastani wa baiti 800, dakika 15 hazifiki gigabaiti 6. Inaingia kwenye flashi ya mfukoni.

Kwa hiyo wewe unayeandika pendekezo la utafiti mwaka huu, ule mstari wa kuomba sanduku la kupimia ufute. Hela hiyo iombee nauli, diski, na mwezi mmoja wa kukaa na wahusika wa kituo kimoja nyumbani mkikubaliana nani anarekodi, nini kinafutwa na nani anashika ufunguo. Kadi za kurudishia, kama huna, njoo Molenbeek tuzitumie zangu.