Mgeni wa gramu 25 juu ya donge la udongo

Barabara ya kwenda kreta ya Ngorongoro inakatiza mashamba yetu hapa Karatu. Magari ya watalii hupita mfululizo yakiwahi geti, na hakuna linalosimama penye mahindi na mbaazi. Siwalaumu. Kinachoniuma ni kwamba hata sisi wenye mashamba hatutazami.

Mwaka jana shule anayosoma mwanangu ilipanga safari ya kretani. Waliolipa walikwenda, wengine wakabaki, wangu akiwamo. Jumamosi hiyo nilimchukua shambani, tulikokuwa tumeshalima tukisubiri mvua za vuli. Juu ya donge la udongo alisimama ndege mdogo, kifua rangi ya mchanga, mkia ukichezacheza. Aliporuka tuliona weupe juu ya mkia, na weusi uliochora herufi T iliyopinduliwa.

Ndege wa aina hiyo huzaliana Ulaya, Asia, hata Alaska. Watafiti waliowafunga wale wa Alaska vifaa vidogo vya kufuatilia safari walikuta wanakuja Afrika Mashariki, kilomita zipatazo 14,500 kwa kwenda tu. Uzito wake ni kama gramu 25, vijiko vitano vya sukari.

"Baba, mbona amechagua kwetu?"

Kwa sababu tumelima. Jembe limefukua wadudu, na pasipo nyasi ndefu anaona chakula na adui kwa mbali. Kwake shamba tupu, lile tunalosema halina kitu, ndilo lenye kila kitu. Mvua zikikolea watakuja mbayuwayu, na korongo weupe wakifuata trekta. Mwishoni mwa mwaka, kumbikumbi wakiruka, hupita kozi wadogo waliotoka mashariki mwa Urusi na kaskazini mwa China, wakavuka Bahari ya Hindi.

Walimu, nawaombeni asubuhi moja tu ya Novemba. Wachukueni watoto wote, waliolipa na wasiolipa, hadi shamba la jirani. Waandike tarehe, mahali na idadi. Darubini si lazima. Nanyi wakulima wenzangu, mkiona korongo wametua penye viwavijeshi, msipulizie dawa siku hiyo. Wanakula viwavi haohao, na sumu mtakayomwaga itaingia matumboni mwao.

Mwanangu ana daftari sasa. Mstari wa kwanza unasema: "Mmoja. Juu ya donge, karibu na mkonge wa mpakani."